Tosti ya mayai ya kujaza ikikuharibikia, tafuta maji kwanza

Siku niliyompikia mama mkwe tosti ya mayai iliyojazwa krimu chizi, ile jibini laini, na stroberi, nje ilipendeza: rangi ya asali, hiliki inanukia mpaka barazani. Akatia kisu. Maji ya waridi yakatambaa sahanini, yakafuatwa na kitu cheupe ambacho huwezi kusema ni maziwa au jibini. Akakitazama, kisha akaniuliza kwa upole wake, "Mwanangu, hii tunakula au tunakunywa?"

Nililaumu moto. Wiki mbili nikawa napunguza gesi, naongeza gesi, na hali ikawa ile ile. Nilichelewa kutambua kwamba chakula hiki kina maji sehemu tatu, na kinachoyatenganisha ni ukuta mwembamba wa mkate: maziwa na mayai nje, matunda ndani, na krimu chizi yenyewe, ambayo nusu yake hivi ni maji. Moto una makosa yake na nitayafikia. Ila mara nyingi, kabla hujawasha jiko, kosa limeshatendeka mezani.

Tuelewane jina kwanza. Nazungumzia mkate uliochovywa kwenye mayai na maziwa ukakaangwa, si mkate wa mayai wa Unguja, ule unaopigwa mayai mpaka yaumuke na kupaliwa makaa juu. Ule ni keki, na hauna ugomvi na mtu. Wafaransa hii yetu huiita pain perdu, yaani mkate uliopotea, maana ni njia ya kuuokoa mkate uliokauka usitupwe. Sisi tunaipika kwa mkate laini ulionunuliwa asubuhi hiyo hiyo, halafu tunashangaa.

Vipimo nitakavyokuwa navirejea ni vya tosti nne. Mkate mzima usiokatwa, nakata mwenyewe vipande vya sentimita 3 hadi 4, kila kimoja nakichana mfuko ubavuni. Krimu chizi gramu 200, sukari ya unga vijiko vikubwa 2, matunda gramu 120. Mayai 4, maziwa mililita 240, sukari kijiko kikubwa 1, chumvi kidogo, hiliki na vanila.

Ukikata, katikati ni rojorojo

Hili ndilo lalamiko kubwa, na wengi hulitibu bila kulichunguza. Kabla ya kurudisha tosti jikoni, angalia rangi ya kinachotoka.

Kikiwa njano hafifu na kimeganda kwenye mkate kama ute, ni mayai ambayo hayajaiva. Yai peke yake huanza kushikana kwenye nyuzi 62 hivi za Selsiasi, lakini ukilichanganya na maziwa na sukari linachelewa, linataka karibu nyuzi 80 ndipo ligande vizuri. Kwa hiyo kadiri unavyoongeza maziwa, ndivyo katikati ya mkate inavyodai moto zaidi, na ule moto hauwezi kufika kabla ganda la nje halijaungua. Usizidishe mililita 60 za maziwa kwa kila yai. Mayai ya kienyeji ni madogo; kama ndiyo uliyonayo, tia matano badala ya manne na usiguse maziwa.

Muda wa kuchovya nao una lawama. Kipande kinene kilichokauka kinahitaji dakika moja kila upande. Slesi laini ya dukani, iliyokatwa kwa mashine, sekunde 10 kila upande zinatosha, na hata hizo nyingi ukiwa umeshughulika na simu. Ukikiinua kipande, acha kichuruzike juu ya bakuli mpaka matone yaanze kuhesabika, ndipo ukipeleke kikaangoni.

Tosti iliyokwisha kukaangwa na bado ina ute haijapotea. Iweke kwenye oveni ya nyuzi 180 dakika 8 hadi 10. Huna oveni? Funika kikaango, shusha moto hadi mwisho, dakika mbili au tatu kila upande. Wenye jiko la mkaa wana njia ya bibi zetu: punguza makaa chini, weka mengine juu ya mfuniko wa bati. Inaiva pande zote bila kugeuzwa, na kusema kweli huwa nzuri kuliko ya oveni yangu.

Kinachotoka kikiwa na rangi ya tunda, basi moto hauna kosa lolote. Stroberi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Embe ni zaidi ya asilimia 80. Ukilikata tunda na kulinyunyizia sukari, sukari inavuta maji nje, na inayavuta polepole, kwa hiyo mjazo ulioonekana mkavu wakati unajaza unakuwa supu dakika kumi baadaye, ukiwa umeshaufungia ndani ya mkate. Hapo ndipo mimi na mama mkwe tulipokutana.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwahi: kata matunda, yatie sukari kidogo, yaache nusu saa kwenye chujio, yatoe maji yake yote kabla hayajaingia kwenye mkate. Yale maji usimwage, yachemshe mpaka yawe mazito, utayamwagia juu wakati wa kula. Ya pili ni kuyapika: matunda kwenye sufuria ndogo, moto wa wastani, na yakianza kutoa maji tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kastadi uliokorogwa kwa maji kidogo. Kastadi tunayonunua kwenye makopo ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu, kwa hiyo inafanya kazi ya kuzuia maji na kazi ya vanila kwa mkupuo mmoja. Lazima ichemke hadi itokote, la sivyo wanga haushiki na utaonja unga. Ipoe kabisa kabla ya kujaza. Matunda ya moto juu ya krimu chizi ni kujitafutia balaa.

Matunda yaliyogandishwa yana maji legelege zaidi, kwa sababu barafu imeshapasua nyama yake. Hayo yapike tu, usijaribu kuyachuja. Ndizi kisukari haina shida hii kabisa, na kwa anayejaribu kwa mara ya kwanza ndiyo ningemshauri aanze nayo. Inakuwa nyeusi kidogo, kamulia ndimu.

Na kikiwa cheupe, kizito, kinachuruzika kama mtindi? Hapo nenda kwenye jibini.

Krimu chizi imekuwa maji, au imebaki madonge

Dukani zipo za aina mbili na bei zake zinakaribiana: ya kipande kilichofungwa kwa karatasi ya fedha, na ya kopo ya kupaka kwenye mkate. Ya kopo imelainishwa ili ikubali kisu ikiwa bado na baridi, na ikipata moto inalegea mapema. Kwa kujaza chukua ya kipande. Kama ipo ya kopo tu, punguza sukari na ongeza kijiko cha chai cha kastadi kavu.

Usiipige sana. Krimu chizi si krimu ya keki. Ukiendelea kuipiga kwa mashine haiumuki, inalainika tu mpaka ikamwagika. Kijiko cha mbao kinatosha. Na tumia sukari ya unga, kwa sababu ile huwa imetiwa wanga kidogo isigandamane, na huo wanga unakusaidia. Sukari ya chembechembe inayeyuka ndani ya jibini na kuitoa maji vile vile inavyoyafanyia matunda.

Madonge yanatokana na baridi. Vitabu vya wenzetu husema itoe kwenye friji nusu saa au saa nzima kabla. Hiyo ni kwa jiko la London. Dar es Salaam mwezi wa pili, robo saa ni nyingi. Ukiiacha saa nzima unakuta mafuta yameanza kung'aa juu. Ikibonyea kwa kidole bila kupasuka, iko tayari. Ikishakuwa na madonge, usiitie maziwa kuilainisha. Ikandamize kwa mgongo wa kijiko kwenye ukuta wa bakuli, kidogo kidogo.

Sasa bei. Najua kuna anayesoma huku anasema gramu 200 za krimu chizi ni hela ya mboga ya siku mbili. Mtindi mzito uliochujwa usiku kucha kwenye kitambaa cha melimeli, ukitundikwa ndani ya friji, unakupa jibini laini yenye uchachu mzuri. Lita moja hutoa kiasi cha kutosha tosti nne. Utie kijiko cha chai cha kastadi, maana mtindi ukipata moto mkali unakatika, unatoa maji na chengachenga. Jamaa walioko Maskati hawahitaji hata kuchuja, lebne iko kila duka. Vipande vya jibini ya Kiri navyo vinafaa, ila vina chumvi, usitie nyingine.

Mkate unakatika ukiuinua kutoka kwenye bakuli

Mkate mbichi. Mkate wa leo umejaa unyevu wake mwenyewe, na ukiuongezea maziwa unakuwa uji. Ushauri wa kawaida ni kuuacha wazi juu ya meza usiku mmoja ukauke. Tanga, Mombasa, Unguja, ushauri huo ni hatari: hewa ina unyevu kiasi kwamba asubuhi mkate haujakauka, umelegea, na kesho yake unaota ukungu. Kausha kwa moto. Vipande juu ya wavu, oveni nyuzi 120, dakika tano kila upande, mpaka uso uwe mgumu kidogo ukiugusa lakini usibadilike rangi. Kikaango kikavu chenye moto mdogo nacho kinafanya kazi hiyo hiyo. Friji pia huufanya mkate uchakae upesi, kwa hiyo kama unapanga tangu jana, weka vipande huko bila kuvifunika.

Mikate mingine haitakubali hata ufanye nini. Ile ya slesi nyembamba iliyo laini kama sponji, inayobonyea ukiishika, haina nguvu ya kubeba mjazo. Ukiwa nayo hiyo tu, acha habari ya mfuko. Fanya ya slesi mbili, na chovya kwa upesi.

Mjazo unatokea kikaangoni

Umejaza kupita kiasi, au umechana mfuko ukafika ukingoni. Mfuko unataka kisu chembamba, kiingie ubavuni na kuzungushwa ndani, mdomo ukiwa mdogo kuliko tumbo. Bakisha sentimita moja na nusu pande zote nyingine tatu. Kila tosti inapokea robo ya mjazo, si zaidi, hata kama roho inataka. Mdomo wa mfuko uelekee juu unapochovya, na uwe wa kwanza kulazwa kwenye moto ukisimamisha tosti kwa ubavu sekunde chache. Mayai yataganda pale na kuuziba.

Kwa tosti ya slesi mbili, paka jibini kwenye slesi zote mbili, matunda yakae katikati. Mafuta ya jibini yanazuia maji ya tunda yasiguse mkate. Watu hupaka upande mmoja na kuweka matunda upande wa pili, na huo upande wa pili ndio unaooza wa kwanza. Acha kingo za kidole kimoja bila kupaka, zipake mayai, kisha zibane kwa uma kama unavyobana sambusa za kukunja haraka.

Nje imeungua, ndani jibini ina baridi

Huu sasa ni moto. Tosti hii ni nene kuliko chapati mara kumi, lakini tunaikaanga kwa moto wa chapati. Dakika tatu hadi nne kila upande, moto chini ya wastani. Kikaango chepesi cha alumini kinachoma pale panapoguswa na miali na kwingine kinabaki baridi; kikaango kizito cha chuma ndicho rafiki. Kwa mkaa, subiri makaa yavae majivu.

Mafuta gani? Siagi halisi ina harufu isiyo na mfano, ila ina maji na chenga za maziwa ambazo huungua mapema, kabla tosti ya pili haijaingia. Samli haina hizo chenga, inavumilia moto mkali, na huku pwani haikosekani. Mimi natia samli, kisha kidonge kidogo cha siagi dakika ya mwisho kwa ajili ya harufu. Ile ya kopo ya kupaka mkate, ambayo wengi tunaiita siagi lakini ni majarini, inarukaruka na kumchoma mpishi. Futa kikaango kwa karatasi kati ya tosti moja na nyingine. Yale madoa meusi kwenye tosti ya tatu ni masalia ya ya kwanza.

Sukari ikizidi kwenye mayai, nje inaungua vile vile. Kijiko kimoja kikubwa. Utamu mwingine umwagie juu.

Ina uchungu

Mdalasini ulioungua, au samli iliyochoka, ni majibu ya haraka. Lakini kuna uchungu mwingine unaowashangaza watu, ule unaotoka ndani ya jibini yenyewe ilhali kila kitu kilikuwa kibichi na kizuri. Uliza: ulitia nanasi?

Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, kinachokata protini vipande vipande. Ndicho kinachochoma ulimi ukila nanasi jingi, na ndicho kinacholainisha nyama ngumu. Kikikutana na jibini kinakata protini za maziwa, na vipande vinavyobaki vina uchungu. Jibini nayo inalegea. Papai lina ndugu yake, papaini, hasa likiwa halijaiva sawasawa, na kiwi lina lake. Ukijaza usiku ili upike asubuhi, umekipa saa nane za kufanya kazi.

Nanasi lichemshe dakika tano kwanza, kimeng'enya kinakufa, na la kopo limeshachemshwa kiwandani. Papaini ni sugu zaidi kwa moto, kwa hiyo papai mimi silifungii ndani kabisa. Naliweka juu wakati wa kuandaa na kukamulia pasheni. Embe halina neno. Dodo lililoiva lakini bado gumu kidogo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kuliko hata stroberi za watu.

Mabaka meupe na harufu ya yai

Ute haukuchanganyika. Piga mayai peke yake kwanza na sukari na chumvi, maziwa yafuate, kisha yapitishe kwenye chujio la chai. Utaona vinyuzinyuzi vinavyobaki juu; ndivyo vilivyokuwa vinaleta mabaka. Mdalasini uuchanganye na sukari kabla ya kumwaga, la sivyo unaelea juu na tosti ya kwanza inaubeba wote.

Ilikuwa kavu nje, sasa imelegea

Hotipoti. Najua ndiyo desturi, kila kitu cha moto kinaingia hotipoti kusubiri wageni, na chapati humo zinastawi kweli. Tosti zinatoa mvuke, mvuke unagonga mfuniko, unarudi kama mvua. Hata kuzipanga moja juu ya nyingine kwenye sahani kunatosha kuziharibu. Zikae kwenye wavu, ndani ya oveni ya nyuzi 90 kama ipo, au juu ya kikaango kilichozimwa chenye kijiti cha kuziinua. Wageni wakichelewa, walaumiwe wao.

Kuandaa usiku

Inawezekana, ila jaza tu, usichovye. Mkate uliojazwa na kufungwa vizuri unalala friji bila tatizo, ilimradi tunda lilipikwa au ni ndizi, na si nanasi bichi. Mayai na maziwa yakae chombo chake. Asubuhi chovya, kaanga, na ongeza dakika moja kila upande kwa ajili ya ile baridi ya katikati.

Zilizopikwa zikabaki, zisizidi saa mbili nje, na siku za joto kali saa moja; ni mayai na maziwa, hazivumilii meza. Kuzigandisha sijakuzuia, lakini krimu chizi ikitoka kwenye barafu inakuwa na chengachenga. Kuzipasha, kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo, na dakika ya mwisho mfuniko utoke.